Mtoto hajatembea, nisubiri? Uchunguzi wa awali wa maendeleo ya mtoto na maana yake

Kwenye mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto, iwe Ujiji, Kasulu, Nzega au Urambo, mazungumzo ni yale yale. Mmoja anasema wa kwake ana miezi 13 na hajasimama. Mwenzake anamtuliza: wa kwangu alitembea ana mwaka na nusu, wewe subiri tu. Wa tatu, kwa sauti ya chini, anataja kubemendwa. Kisha jina linaitwa, mtoto anawekwa kwenye mizani, nukta inachorwa kwenye kadi ndani ya rangi ya kijani, na mama anarudi nyumbani na swali lake kama alivyokuja nalo.

Swali hilo lina jibu, ila mizani haiwezi kulitoa. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa miaka 0 hadi 8, na tangu hapo maneno "maendeleo ya awali" yamesikika sana redioni na mikutanoni. Hata hivyo wengi wanayachukua kuwa ni uzito. Wengine wakisikia mtoto "anachunguzwa akili" wanaogopa kwamba atapachikwa jina la taahira na litamfuata hadi shuleni. Kila neno hapo lina maana yake, na wanaoumia kwa kuyachanganya ni watoto.

Kukua na kuendelea

Makuzi ni kile kinachopimika kwa mizani na futi: kilo, urefu, mzunguko wa kichwa. Maendeleo ni kile mtoto anachoweza kufanya: kukaza shingo, kushika kijiko, kugeuka akiitwa, kucheka na mtu. Mkulima anaijua tofauti hii. Mahindi yanaweza kurefuka vizuri, majani mabichi kabisa, na bado yasibebe. Anayepima urefu wa bua peke yake atashangaa siku ya kuvuna.

Mtoto aliyezaliwa kiziwi ananyonya vizuri, ananenepa vizuri, na kadi yake inaweza kubaki kwenye kijani mwaka mzima. Hakuna kilo itakayosema kwamba hasikii. Kwa upande mwingine, mtoto mwenye uzito mdogo mara nyingi huchelewa pia katika maendeleo, kwa sababu ubongo nao unakula. Kwa hiyo vyote viwili vinatakiwa, na kimoja hakisimami badala ya kingine.

Wahudumu huyaangalia maendeleo kwa mafungu manne: misuli mikubwa (shingo, mgongo, miguu), vidole na mikono, kusikia na kusema, na jinsi mtoto anavyohusiana na watu. Macho na masikio huangaliwa kwanza, maana yakiwa na tatizo mengine yote yanayumba.

Ungo hauhukumu

Uchunguzi wa awali ni kama kupepeta mchele. Anayepepeta mchele wa Igunga haiti kila kinachosogea pembeni ya ungo kuwa ni jiwe. Anakisogeza kando, halafu anakitazama kimoja kimoja: hii chenga, hili pumba, hili ndilo jiwe. Kwenye kliniki vivyo hivyo. Uchunguzi wa awali ni maswali na michezo michache ya dakika 10 hadi 20 yenye kazi moja: kusema mtoto huyu aangaliwe kwa undani, au kwa leo hakuna kinachotia wasiwasi. Kusema mtoto ana nini hasa, yaani mtindio wa ubongo (ubongo kushindwa kuongoza misuli vizuri), usonji (shida ya kuwasiliana na kuhusiana na watu), uziwi au kitu kingine, ni hatua ya pili. Huitwa utambuzi, na hufanywa na mtaalamu kwa muda mrefu zaidi. Muuguzi wa zahanati anayesema "huyu tumpeleke hospitali" hajampa mtoto ugonjwa wowote. Amemsogeza pembeni ya ungo.

Ungo wenyewe si mkamilifu, na ni vizuri kujua unakosea kiasi gani. Vipimo vizuri vya aina hii hukamata watoto 70 hadi 80 kati ya kila 100 wenye tatizo, na huwaacha salama kwa kiwango hicho hicho wale wasio nalo. Tuseme watoto 100 wamekuja siku ya chanjo, na 10 kati yao kweli wamechelewa. Kipimo cha 80 kwa 100 kitakamata 8 na kuwakosa 2. Kati ya wale 90 wazima, kitawasogeza pembeni 18 bure. Kwa hiyo wataambiwa warudi watoto 26, na wenye tatizo kweli ni 8 tu.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. Kwanza, mama akiambiwa arudi, uwezekano mkubwa ni kwamba mtoto wake ni mzima, kwa hiyo hakuna sababu ya kulia njiani wala ya kujificha. Pili, wale wawili waliokosekana wapo, na hawatapatikana kwa kipimo cha siku moja. Ndiyo maana uchunguzi hurudiwa, na ndiyo maana wasiwasi wa mama una uzito hata kipimo kikisema hakuna kitu. Mhudumu anayemjibu mama "una hofu tu" ametupa kifaa kizuri kuliko vyote alivyonavyo.

Dirisha, siyo tarehe

Kosa kubwa la benchi la kliniki ni kumlinganisha mtoto na mtoto wa jirani. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya watoto waliofuatiliwa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote wazima na wanaolishwa vizuri. Kukaa bila kushikiliwa kulitokea kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutembea peke yake kulitokea kati ya miezi 8.2 na 17.6. Tazama upana wake: kati ya anayewahi kabisa na anayechelewa kabisa kutembea kuna zaidi ya miezi tisa, na wote ni wazima. Tena, watoto kama 4 kati ya 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Walisota, au waliinuka moja kwa moja, na walitembea kama wenzao. Asiyetambaa si mgonjwa kwa hilo peke yake.

Lakini dirisha lina ukingo. Takriban watoto 99 kati ya 100 walikuwa wamekaa kabla ya miezi 9.2. Kwa hiyo mtoto wa miezi 10 asiyekaa haambiwi asubiri, anaangaliwa. Yule wa benchi wa miezi 13 asiyesimama peke yake bado yuko ndani ya dirisha, kwa sababu kusimama bila kushika kitu kunafika hadi miezi 16.9. Kwake swali zuri ni jingine: akishikwa mikono anakanyaga? Miguu imekakamaa, au imelegea kama kitambaa? Mikono yote miwili inafanya kazi?

Kwa watoto njiti hesabu inabadilika. Mimba kamili ni wiki 40. Aliyezaliwa wiki ya 32 alikuja wiki 8 mapema, kwa hiyo siku kadi inaposema ana miezi 9, ubongo wake una umri wa miezi 7 na siku chache, na unapimwa kwa umri huo. Wiki hizo hutolewa hadi afike miaka 2. Chanjo hazihusiki: yeye huchanjwa kwa umri wa kadi. Na kuzaliwa na kilo chini ya 2.5 si lazima kuwe unjiti. Wapo waliotimiza wiki zote wakazaliwa wadogo, na hao hawapunguziwi kitu. Tarehe ya hedhi ya mwisho, ikiwa imeandikwa kwenye kadi ya ujauzito, ndiyo inayoamua.

Siku za chanjo zinatosha kuwa siku za kutazama

Huhitaji safari mpya. Ratiba ya chanjo nchini, wiki ya 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18, inaangukia karibu na umri unaofaa.

Wiki ya 6 mtoto anatakiwa akutazame usoni na kufuata uso ukisogea polepole, na afikapo miezi 2 hadi 3 ajibu tabasamu kwa tabasamu. Hapo hapo angalia mboni za macho. Mboni inayong'aa nyeupe, kama jicho la paka usiku, au inayotoka nyeupe kwenye picha ya simu yenye mwanga, ni ya kwenda hospitali wiki hiyo hiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho, na zote mbili hazingoji. Kati ya wiki ya 14 na miezi 4 shingo iwe inakaza: mlaze kifudifudi akiwa macho uone kama anainua kichwa na kifua.

Miezi 9 mkalishe kwenye kitenge sakafuni, mpe kizibo kikubwa cha chupa mkono wa kulia, halafu kingine wa kushoto. Anapaswa kuvishika, kuvigonganisha, kuvihamisha mkono hadi mkono. Mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka hajawa "wa mkono wa kushoto" mapema. Mara nyingi upande wa pili ni dhaifu, na hiyo ni dalili ya kumpeleka. Ficha kizibo chini ya kanga mbele ya macho yake uone kama atakitafuta. Sikiliza kama anatoa sauti za kurudiarudia, ba-ba, da-da, hata kama hazina maana.

Miezi 18 ndiyo siku inayopotea kuliko zote. Baada ya surua ya miezi 9 wazazi wengi huona kliniki imekwisha, na dozi ya pili ya surua na rubella inasahaulika. Pamoja nayo inasahaulika nafasi bora ya kumwona mtoto ambaye ubongo wake bado ni mwepesi sana kufunzwa. Kwa umri huo awe anatembea, aseme maneno machache yenye maana, aelewe "lete kikombe" bila kuonyeshwa kwa kidole, na yeye mwenyewe aonyeshe kwa kidole kitu anachotaka au kinachomfurahisha, kisha akutazame kuona kama nawe umekiona. Kidole hicho kina maana kubwa. Mtoto asiyeonyesha kwa kidole, asiyegeuka akiitwa jina lake, asiyetazama watu usoni, anahitaji kuangaliwa kwa habari ya usonji hata kama anatembea vizuri na ana nguvu. Kufika miaka 2 awe anaunganisha maneno mawili yake mwenyewe: "mama maji", "baba njoo".

Kuna jambo moja lisilo na umri: mtoto kupoteza alichokuwa akiweza. Alisema akaacha, alikaa sasa anaanguka. Hapo hakuna kusubiri mwezi. Ni hospitali, sasa.

Masikio yanadanganya

Watoto viziwi hutoa sauti miezi ya mwanzo kama wengine, na baadaye sauti hupungua kwa kuwa hawajisikii. Ndiyo maana familia huapa kwamba mtoto anasikia. Ukigonga mlango anashtuka, lakini ameuhisi mtikisiko. Ukipiga makofi nyuma yake anageuka, lakini amehisi upepo au ameona kivuli.

Njia nzuri kuanzia miezi 6 ni hii. Mama amkalishe mapajani, mtu mwingine amchezee kimya kwa mbele. Mpimaji asimame nyuma kwa pembeni, kama urefu wa mkono mmoja kutoka sikioni, mahali ambapo kivuli chake hakimfikii mtoto, kisha akwaruze karatasi taratibu au anong'one "ss, ss". Mama asigeuke wala asitabasamu, maana mtoto husoma uso wa mama. Rudia upande wa pili. Asipogeuka, rudia siku nyingine akiwa ameshiba. Asipogeuka tena, apelekwe akapimwe kwa mashine. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe masikio baada tu ya kupona, na sikio linalotoa usaha wiki mbili na zaidi litibiwe, lisiachwe kwa kudhani ni maji ya kuoga. Mkoa wa Tabora ndiko shule ya kwanza ya viziwi nchini ilikoanzia, mwaka 1963. Mtoto akitambuliwa mapema huanza lugha ya alama mapema, na hafiki darasa la kwanza bila lugha yoyote.

Yanayosemwa mitaani

Kubemendwa kwanza, kwa sababu ndiko kunakowanyamazisha akina mama. Inasemekana mtoto amedhoofika na hatembei kwa sababu wazazi wamekutana kabla ya wakati au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Dalili zinazotajwa ni za kweli: miguu laini, mwili mdogo, uchovu. Maelezo ndiyo yanayokosea. Nyuma yake kuna uji mwepesi usio na maharage, karanga wala dagaa, kuachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mimba nyingine, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, matege au mtindio wa ubongo. Vyote vinaweza kuchunguzwa, na vingi vinatibika. Mama anayeogopa kuulizwa alilala na nani haji kliniki, na mtoto anazidi kudhoofika ndani. Bibi mwenye busara anaweza kuokoa mjukuu kwa kusema tu: mpelekeni, mambo ya ndoa yao tuyaache.

Degedege nalo bado linapewa majina ya mashetani. Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria iliyopanda kichwani huleta degedege na kupoteza fahamu. Kila saa inayopotea kwa mganga inaumiza ubongo. Hata baada ya kupona na kuruhusiwa, mtoto huyo anahitaji kuangaliwa tena kutembea, kusikia na kusema, kwa sababu baadhi hubaki na madhara yanayoonekana baadaye. Hali kadhalika aliyezaliwa amechoka akachelewa kulia, na aliyepata manjano kali hadi viganja na nyayo. Manjano ya namna hiyo hayatibiwi kwa kumwanika mtoto juani. Yanahitaji mwanga maalumu wa hospitali.

Wapo wanaosema nyumba yenye Kiha au Kinyamwezi pamoja na Kiswahili humchanganya mtoto asiseme. Si kweli. Mtoto akiita maji kwa Kiha na kikombe kwa Kiswahili, hayo ni maneno mawili, na yote yanahesabiwa. Kinachokosewa ni mhudumu kupima kwa Kiswahili mtoto anayelelewa na bibi kwa Kiha, halafu kuandika "hasemi". Wavulana kuchelewa kusema kuna chembe ya ukweli, lakini tofauti ni ndogo na haifuti dirisha: mvulana wa miaka 2 asiye na maneno anaangaliwa kama msichana. Kukata ngozi ya chini ya ulimi au kilimi hakumfanyi mtoto aseme; huleta damu na uambukizi. Kumfukia mchangani hadi kiunoni hakumpi nguvu ya miguu, na vigari vya magurudumu havifundishi kutembea, vinaangusha watoto. Chanjo hazileti usonji.

Jambo moja la jikoni lisipitwe. Upungufu wa madini joto kwa mjamzito hudhuru ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa. Chumvi, iwe ya Uvinza au ya pwani, inafaa ikiwa imeongezewa madini joto, yakaandikwa kwenye paketi. Ifunikwe vizuri, na itiwe chakula kikikaribia kuiva, kwa sababu moto mwingi hupunguza madini hayo.

Kwa nini kipimo huharibika

Mara nyingi kinachoshindwa ni hali, siyo mtoto. Mtoto mwenye njaa, usingizi au homa, au aliyechomwa sindano dakika tano zilizopita, hatacheza na mtu. Angalia kabla ya sindano. Picha za vitu asivyovijua humfanya aonekane mjinga. Kwa sababu hiyo watafiti wa Malawi walitengeneza kipimo chao na kukichapisha mwaka 2010, chenye hatua 136 katika mafungu yale manne, kwa vitu ambavyo mtoto wa kijiji cha Afrika anavishika kila siku.

Swali nalo linaweza kuharibu jibu. Ukimuuliza mama "anaongea?" atasema ndiyo, kwa sababu hapana inauma. Muulize: "Mama, jana alipotaka maji alifanyaje?" Jibu la hilo linaeleza mengi. Kama mama hushinda shambani kwenye tumbaku na mtoto yuko na bibi au dada yake, huyo ndiye wa kuulizwa.

Akisogezwa pembeni ya ungo

Mhudumu huangalia masikio, macho, lishe na upungufu wa damu, humwonyesha mama michezo ya kufanya nyumbani, kisha hupanga kumwona tena ndani ya mwezi. Ikiwa bado, hutoa barua ya rufaa: kwa Kigoma mara nyingi ni hospitali ya Maweni, kwa Tabora ni hospitali ya Kitete, na kutoka hapo wachache hupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Mwezi huo wa katikati si wa kukaa bure. Mtoto alazwe kifudifudi mara kadhaa kwa siku akiwa macho, badala ya kushinda mgongoni. Akiwa kwenye mbeleko mama amtajie anachokiona, njia, mbuzi, treni, na akitoa sauti ajibiwe kama mtu anayezungumza. Mwenye miguu iliyokakamaa asivutwe kwa nguvu. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, atamwonyesha mama jinsi ya kumkalisha na kumbeba ili miguu isipishane.

Siku ya kwenda, beba kadi zote mbili, ya ujauzito na ya mtoto. Andika kwenye kipande cha karatasi mwezi aliokaa, aliosimama, na aliosema neno la kwanza. Kama nyumbani kuna simu ya kupiga picha, mrekodi dakika moja akicheza na dakika moja akila, bila kumchokoza. Watoto wengi huganda mbele ya mtu wa koti jeupe, na video hiyo ndiyo itakayomwonyesha daktari jinsi mtoto alivyo akiwa nyumbani.